"Say" au "tell", "big" au "great": kuchagua neno la Kiingereza pale kamusi inaposema yote ni sawa

Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia mwenzangu barua ya mapendekezo ya kazi. Nilitaka kusema kwamba ni maarufu kwa uvumilivu wake, na "famous" nilikuwa nimeshalitumia mstari wa juu. Kamusi ndogo iliyokuwa mezani ilinipa "notorious", na pembeni yake neno moja tu: "maarufu". Nikaandika. Rafiki aliyenisaidia kuipitia kabla sijaituma alicheka mpaka akavua miwani. Nilikuwa nimemsifu mwenzangu kwa neno ambalo Waingereza humtajia jambazi sugu. "Notorious" ni maarufu kweli, ila kwa ubaya.

Kamusi ile haikunidanganya. Ilinipa nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayotusumbua wengi tunaoandika Kiingereza huku tukifikiri kwa Kiswahili. Maana tunaijua. Tunachokwama ni kuchagua kati ya mawili au matatu yenye maana hiyohiyo.

Kiingereza kimejaa visawe vya namna hii kwa sababu kimejengwa kwa tabaka. Baada ya Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikaa ikulu na mahakamani kwa karne kadhaa, Kilatini kikawa cha kanisani na cha wasomi, na Kiingereza cha kale kikabaki shambani na jikoni. Lugha hizo zilipochanganyika, maneno ya zamani hayakufa. Yaligawana kazi. Ndiyo maana kuna "ask" la wenyeji, "question" lililokuja na Kifaransa na "interrogate" la Kilatini. Sisi hatuna haja ya kushangaa: tuna "uliza" la Kibantu, tena tuna "hoji" na "saili" yenye asili ya Kiarabu, na hakuna anayemsaili mtoto kama amekula.

Vigezo nitakavyotumia

Nitayapima maneno yote kwa maswali manne. La kwanza ni muundo: neno hili linadai nini baada yake, mtu, kitu au kihusishi? La pili ni marafiki: limezoea kutembea na maneno gani? La tatu ni mavazi: ni la nyumbani, la ofisini au la sherehe? La nne ni ladha: linasifu, linalaumu, au limenyamaza? Mara nyingi swali moja tu kati ya haya ndilo linaloamua, na si lilelile kila mara, kwa hiyo usishangae nikikaa sana kwenye muundo mahali fulani na kuuruka kabisa pengine.

"Say", "tell", "speak", "talk"

Nianze na hili kwa sababu ndilo kundi linaloumbua watu wengi, hata wenye shahada, na kwa sababu Kiswahili chenyewe kinalo jibu.

"Say" linajali maneno yaliyotamkwa. Msikilizaji anaweza asiwepo kabisa: "She said that she was tired." Akitajwa, lazima apite mlango wa "to": "She said to me". Kosa la kawaida ni "she said me", na dawa yake iko masikioni mwako tayari. "Alinisema" na "aliniambia" si kitu kimoja. Aliyenisema amenisengenya au amenigombeza. Kila unapokaribia kuandika "said me", sikia "alinisema", utaacha mwenyewe. Marafiki wa "say" ni maneno mafupi ya adabu na ya kukubali au kukataa: "say yes", "say no", "say sorry", "say goodbye", na pia "say a prayer". Vitu visivyo na mdomo navyo hutumia hili, barua, kibao, saa, kama sisi tunavyosema barua inasema hivi. Mavazi yake ni ya kila siku, na ladha hana. Walimu wengi wa insha huwakataza wanafunzi kulirudia, matokeo yake hadithi inajaa wahusika wanao-"exclaim" na ku-"utter" kila mstari. Mimi sikubaliani nao. "Said" kwenye mazungumzo ya hadithi halionekani na jicho la msomaji, na huo ndio uzuri wake.

"Tell" ni "ambia". Linataka mtu, tena karibu yake, bila kihusishi katikati: "He told me", "Tell your brother". Sentensi "He told that he was sick" imekosa kiungo kilekile kilichokosekana kwenye "Aliambia kwamba anaumwa". Aliambia nani? Ila lina marafiki wachache ambao wakiwepo, mtu si lazima: "tell the truth", "tell a lie", "tell a story", "tell a joke". Kuna na marafiki wengine wawili waliohama maana kabisa. "Tell the time" ni kusoma saa, na "tell the difference" ni kutambua tofauti. Kwa upande wa ladha, "tell" likifuatwa na "to" na kitenzi huwa amri. "I told the director to sign" inasomeka kama vile wewe ndiye mkubwa wake. Ukiwa ulimwomba, andika "asked". Nimeona barua pepe za watu wapole kabisa zikisikika za kiburi kwa sababu ya neno hili moja.

"Speak" na "talk" yote mawili yanahusu tendo la kutoa sauti zaidi kuliko ujumbe wenyewe. "Speak" lina uelekeo wa upande mmoja: mtu anazungumza, wengine wanasikia. Hotuba ni "speech", mhutubu ni "speaker". Lugha nazo ni mali yake: "She speaks Swahili". "Talk" likitaka kuitaja lugha litaomba "in". Kwenye simu ya kikazi ni "May I speak to...". Na watu waliokosana, wasiosemezana, Kiingereza huwaelezea kwa hilihili: "They are not speaking." "Talk" ni ongea. Linapenda watu wawili au zaidi, linapenda muda mrefu, na halina haraka: "We talked all night." Marafiki wake ni "talk business", "talk politics", "talk nonsense". Mkuu wako akisema "I'd like to speak to you", kaa sawa. Akisema "I'd like to talk to you", huenda naye anataka kusikia lako. Tofauti si kubwa, lakini mzawa wa lugha anaihisi.

Kwa kifupi cha matumizi: anayenukuu atumie "say", anayepeleka habari kwa mtu atumie "tell", anayeandika rasmi au anayetaja lugha atumie "speak", na anayepiga soga atumie "talk".

"See", "look", "watch"

Hapa kigezo kikubwa ni nia na muda.

"See" ni kuona: kitu kimekuja machoni pako, hukukifanyia juhudi. Kwa kawaida halipendi umbo la "-ing". Ndege akiwa mtini mbele yako ni "I can see a bird", si "I am seeing a bird". Angalia sana hapa, kwa sababu "I am seeing her" ina maana yake nyingine kabisa: mimi na yeye tuna uhusiano wa kimapenzi. Kwa daktari, wakili au mwalimu mkuu ni "see" pia, nasi tunasema tunakwenda kumwona daktari.

"Look" ni kuelekeza macho kwa makusudi, na linadai "at" kabla ya kitu. Kihusishi kikibadilika, maana inahama nyumba: "look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza. Lisipofuatwa na kihusishi bali na kivumishi, linageuka kuwa onekana: "You look tired." Hapa ladha inategemea kivumishi chenyewe, "look" limenyamaza.

"Watch" ni kutazama kitu kinachosogea au kinachoweza kubadilika, kwa muda. Mechi, watoto wanaocheza, sufuria inayokaribia kufurika. Ukimwambia mtu "Watch this picture", atasubiri picha ianze kutembea. Lina pia kazi ya ulinzi, "Watch my bag", na hapo ndipo "angalia" letu linapoingia vizuri: niangalizie mkoba wangu. Kwa filamu, "see" na "watch" yote hukubalika, ingawa kwa ukumbi wa sinema wengi husema "see" na kwa sebuleni "watch".

"Hear" na "listen" sina sababu ya kuyarefusha. Ni sikia na sikiliza. Tofauti ambayo Kiingereza kimeitengenezea maneno mawili, sisi tunaibeba kwenye kiambishi. La kukumbuka ni kwamba "listen" nalo, kama "look", halimshiki mtu bila kihusishi: "Listen to me."

"Big", "large", "great"

Yote ni "kubwa", na kamusi nyingi zinaishia hapo. Lakini Kiswahili kina "kubwa" na kina "kuu". Barabara kubwa ni pana, barabara kuu ni ile inayotambuliwa kuwa ya msingi hata kama ina mashimo. Ukiwa na hisia hiyo, umeshapata njia ya kuingia.

"Big" ni la mdomoni, la nyumbani. Hupima ukubwa na hupima uzito wa jambo: "a big house", "a big mistake", "a big day". Ndugu aliyekutangulia kuzaliwa ni "big brother" au "big sister". Kwenye ripoti ya kitaalamu linaonekana kama limekuja bila viatu.

"Large" ni la vipimo. Rafiki zake ni "number", "amount", "quantity", "scale", na ukubwa wa nguo. "A large number of students" ni sahihi na safi. "A big number of students" inaeleweka lakini mwalimu ataipigia mstari. Halina hisia, na hiyo ndiyo sifa yake. Sasa lipeleke kwa watu uone. Mwanafunzi mmoja niliyewahi kumsaidia aliandika "my large sister" akimaanisha dada yake mkubwa. Dada alisoma. Alichoelewa ni kwamba mdogo wake ametangaza unene wake kwenye insha.

"Great" lilikuwa la ukubwa wa mwili zamani, na bado linabaki hivyo katika majina kama "Great Britain" au "the Great Wall" la China, lakini leo kazi yake kubwa ni ukuu na ubora. Hupenda nomino zisizoshikika: "great pleasure", "great care", "great difficulty". Jaribu "large pleasure", utaona halishikani. Mdomoni limekuwa sifa ya haraka, kama safi sana, na kwa sababu hiyo likirudiwarudiwa kwenye barua huonekana la uvivu.

Jaribio la haraka ni mtu mmoja kwa maneno matatu. "A big man" ana mwili au ana cheo. "A large man" ana mwili, basi. "A great man" huenda ni mfupi na mwembamba, ila historia itamtaja.

"Begin", "start", "commence"

Mavazi ndiyo yanayoamua hapa. "Commence" lilitoka Kifaransa na bado limevaa suti. Lina nafasi kwenye mikataba, matangazo rasmi na ratiba za mahafali. Kwenye ujumbe wa simu kwa rafiki linachekesha. "Begin" na "start" yote ni ya wenyeji, na katika sentensi nyingi unaweza kubadilishana bila madhara. Lakini mashine, biashara na safari ni za "start". Hakuna anaye-"begin" gari. "Begin" nalo lina utulivu fulani, ndiyo maana tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611 inafungua Mwanzo kwa "In the beginning". Weka "start" mahali pake na uumbaji wote utasikika kama mbio za mita mia.

"Borrow" na "lend"

Haya hayafanani kwa Mwingereza hata kidogo, ni kinyume. Yanafanana kwetu tu, kwa sababu "azima" linafanya kazi pande zote mbili: nimeazima kitabu kwake, naye ameniazima kitabu. Mwelekeo tunaujua kutokana na viambishi na muktadha. Kiingereza kinadai uuonyeshe kwenye kitenzi. Anayepokea ni "borrow", na hulifuatisha "from". Anayetoa ni "lend", na hulifuatisha mtu au "to". "Borrow me your pen" ni Kiswahili kilichovaa Kiingereza. Muulize kitenzi chako swali moja: kitu kinakuja kwangu au kinatoka kwangu?

Pale ladha peke yake inapoamua

Kuna makundi ambayo muundo ni uleule, marafiki ni walewale, na tofauti yote iko kwenye uso wa msemaji. Mwaka 1948, mwanafalsafa Bertrand Russell alitoa mfano redioni BBC uliopata umaarufu. Kwa Kiswahili unakuwa hivi: mimi nina msimamo, wewe ni mbishi, yeye ni mpumbavu mwenye kichwa kigumu. Tabia ni moja, kilichobadilika ni nani anayeielezea.

Chukua mtu asiyetumia pesa ovyo. Ukimpenda ni "thrifty", mwangalifu wa fedha. Ukimchoka ni "stingy", bahili. "Economical" limekaa katikati na halimgusi mtu moyo, ndiyo maana linafaa zaidi kwa gari lisilokula mafuta. Chukua mwili mdogo: "slim" ni sifa, "thin" ni maelezo ambayo pengine yana wasiwasi ndani yake, "skinny" ni utani ukiwa na mtu unayezoeana naye na ni tusi ukiwa na mgeni. Chukua utoto wa mtu mzima: "childlike" ni usafi wa moyo, "childish" ni utoto unaokera. Na "maarufu" lililoniponza mimi: "well-known" halisifu wala halilaumu, "famous" lina mwanga wa jukwaani, "renowned" ni heshima ya wanaojua kazi ya mtu, "notorious" mnalijua.

Halafu kuna mapacha ya mwisho wa neno, ambayo nitayataja tu. "Historic" ni tukio litakalokumbukwa, "historical" ni chochote kinachohusu mambo ya kale, hata karatasi isiyo na maana. "Economic" ni la uchumi wa nchi, "economical" ni la kubana matumizi. Waziri anaposema ana "economical policy", amesema sera yake ni ya bei nafuu.

Uchague lipi, wakati gani

Ukiwa kwenye mtihani, muundo uwe wa kwanza. Msahihishaji anaweza kusamehe "big" palipotakiwa "large", lakini "said me" na "borrow me" hasamehe. Kabla ya kukabidhi karatasi, tafuta kila "said", "told", "listen" na "look" uliyoandika, uangalie kinachofuata.

Barua ya kazi na barua pepe kwa usiyemjua zinataka mavazi kwanza. Hata hivyo usipande ngazi kupita kiasi: barua iliyojaa "commence", "utilise" na "endeavour" inaonekana imeazimwa suti isiyomtosha mwenyewe. Neno la kati linatosha karibu kila mahali. Ukimwomba mtu kitu, pita tena uone kama hujamwamrisha kwa "tell".

Kwa ujumbe wa marafiki, chukua neno fupi, la zamani, la kwanza kukujia: "talk", "start", "big", "ask". Hapo neno refu ndilo kosa.

Anayetafsiri habari au hadithi kutoka Kiswahili ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu "maarufu", "kubwa" na "angalia" hayamwambii upande wa kwenda. Asome aya nzima kwanza ajue mwandishi anampenda mhusika au anamkejeli, ndipo achague. Na anayemwelezea mtu aliye hai, hasa mwili wake, pesa zake au akili yake, aanze na neno lisilo na ladha kabisa. Litakuwa baridi kidogo, lakini halitamrudia.

Ukikwama kati ya mawili na huna wa kumuuliza, fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, uruke fasili, usome mifano ya sentensi tu. Mifano mitatu ya "notorious" ingenitosha: mhalifu, gereza, deni. Barua yangu ile ilitoka hatimaye na "known for his patience". "Famous" nililifuta pia, hata kule mstari wa juu, maana lilimfanya mhasibu asikike kama mwanamuziki.